Chumba Kilichotandikwa

Nyumba ya kilimani
Jumatatu, 3 Juni

Kidoti,

Salamu nyingi kutoka kwa fundi rangi mwanafunzi ambaye kichwa chake kimejaa mvi za chokaa. Ukiniona leo utaniamkia.

Huku simu haishiki mtandao hata nikipanda juu ya paa, na nimepanda. Kwa hiyo tumerudi kwenye barua. Yule mzee dereva wa lori anayetuletea rangi na saruji hupita mtaani kwenu, naye amekubali kuwa posta yetu kwa sharti kwamba asiulizwe ya ndani. Ukitaka kunijibu, mpe mkononi, usimpe mtu mwingine.

Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Ina ghorofa moja, ngazi za mbao zinazolia, na madirisha marefu ambayo hayajafunguliwa tangu sijui lini. Mwenye nyumba ameirithi tu, haishi huku. Anataka ipakwe rangi aiuze. Mjomba alinianzisha kazi, kisha akaitwa mjini kwenye kazi nyingine, akaniacha nimalizie vyumba vya juu. Anasema nimeshakuwa fundi. Nadhani anasema hivyo kwa sababu magoti yake hayapendi ngazi.

Kidoti, lile swali nililokuuliza nyuma ya kiwanda cha matofali kabla sijaondoka, ulinijibu "tutaona." Nimelibeba neno hilo mpaka huku. Hapa hakuna mtu. Hakuna mama yako, hakuna dada zangu wanaochungulia dirishani. Ukija asubuhi na lori, utarudi nalo jioni. Tuna miaka kumi na saba, si watoto tena, na wenzetu wote wanasema wameshavuka. Silazimishi. Fikiria tu.

Nikuambie kitu ucheke: nyumba nzima samani iliyobaki ni kitanda kimoja cha chuma, kwenye chumba cha mwisho huko juu. Hakina hata godoro.

Wako,
Mlingoti


Nyumbani
Jumatano, 5 Juni

Shangazi, shikamoo.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya mama, na nikijifungia nayo chumbani atakuja kusimama mlangoni akijifanya anatafuta mkasi.

Unamkumbuka Mlingoti, yule kijana mrefu aliyebeba viti siku ya mahafali yetu? Ulisema anatembea kama anaogopa kugonga kichwa angani. Basi ni yeye. Tuko pamoja tangu mwaka jana. Ni mpole, ananichekesha, na akinishika mkono siku yangu yote inabadilika. Sasa yuko kazini mbali, kwenye nyumba tupu, na ameniomba niende. Unaelewa kwa nini. Si kwa ajili ya kutazama rangi.

Hakunitukana wala kunitishia. Amesema halazimishi, kasema mara mbili. Ndiyo maana nashindwa hata kukasirika. Rafiki zangu wanasema nikimchelewesha atatafuta mwingine. Mmoja ameniambia kwamba mimi bado natoa harufu ya maziwa.

Nikimfikiria yeye, Shangazi, moyo unaenda mbio na nafurahi. Nikifikiria kile chumba, mikono inakuwa ya baridi. Jana nimeshona vifungo vya sare nzima ya shule upande usio wake, mama akaniuliza kama ninaumwa.

Mtu anajuaje kwamba yuko tayari? Mama siwezi kumuuliza. Atalia kwanza, kisha atanipiga marufuku kutoka nje mpaka nizeeke. Wewe unapika kwenye shule ya bweni ya wasichana, umeona mengi. Naomba unijibu kama mtu mzima.

Mwanao,
Kidoti


Nyumba ya kilimani
Ijumaa, 7 Juni

Kidoti wangu,

Sikutegemea jibu la namna hii. Nilidhani ungeandika, kumbe umetuma vitu.

Leo nimetoka kuchota maji, nimepanda juu, nikakuta kile kitanda kina godoro. Juu ya godoro kuna mashuka ya bluu yaliyopigwa pasi, yamekunjwa pembeni kama ya hotelini. Nilisimama hapo na ndoo yangu kama mjinga. Dereva alikuwa bado anashusha mifuko, nikamshukia: "Mzee, nani kakupa vitu vya juu?" Akasema yeye analeta saruji, haleti magodoro. Kisha akaniangalia kwa muda mrefu. Nimejua umemwambia anyamaze.

Basi nimeelewa. Hukutaka kuliandika, umelisema kwa njia yako. Nimefurahi, Kidoti. Ingawa nakiri nimekula chakula changu cha mchana nje, kwenye ngazi za mbele. Sijui kwa nini. Nyumba ina joto la ajabu leo, hasa huko juu.

Niambie tu siku.

Mlingoti


Nyumbani
Jumamosi, 8 Juni

Mlingoti,

Sijatuma godoro. Sijatuma mashuka. Mashuka ya bluu ningeyatoa wapi, na ningempaje dereva godoro mchana kweupe mbele ya duka la mama?

Kama umeyanunua mwenyewe, sema. Usiniwekee maneno mdomoni. Ulisema hulazimishi, na sasa umeshatandika, umeshapiga pasi, halafu unaniuliza siku. Ukimwandalia mtu kitu ambacho hajakiomba, unataka ashindwe kukataa.

Nilikuwa karibu kukuandikia barua nzuri. Sasa siandiki.

Kidoti


Jikoni shuleni
Jumatatu, 10 Juni

Kidoti wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma nimesimama mbele ya jiko. Wali umeungua, shule nzima imekula moshi kwa sababu yako. Nimewaambia ni mapishi mapya.

Kwanza nashukuru hukumuuliza huyo mwenye harufu ya ukubwa.

Sina dawa ya kupimia utayari. Ila nitakuambia ninachokiona. Wasichana huja kukaa kwenye benchi langu la jikoni, wananisaidia kuchambua mchele, wakifika katikati ya ungo wanaanza kulia. Wengi wao hakuna aliyewashika kwa nguvu. Waliona kila kitu kimeshapangwa, mlango umefungwa, mwenzao amefurahi, wakaona haya kuharibu. Walidhani wamechelewa kukataa. Mwanangu, hakuna kuchelewa. Hata ukiwa umeshafika, hata ukiwa umeshaketi, unaweza kuinuka ukasema naenda nyumbani. Na mtu anayekupenda atakutafutia viatu vyako.

Mimi ningependa ungoje. Kumi na saba ni mapema, na mambo haya yana mimba na maradhi na moyo kuvunjika, wala hayaangalii kama mlikuwa mnapendana. Siku ukiwa mtu mzima na ukaamua, tutakwenda kliniki wote wawili, na sitakugombeza njiani. Lakini kwa sasa jiulize hivi: unaweza kumwambia "hapana" huku unamtazama usoni? Kama huwezi, basi hata "ndiyo" yako bado haina miguu. Na hiyo mikono yako ya baridi, isikilize. Inasema kitu.

Huyo kijana naye muulize. Wavulana hujificha sana nyuma ya maswali yao. Anauliza kwa sauti kubwa ili asiulizwe.

Nikipata likizo nakuja.

Shangazi yako


(haina tarehe)

Chumba kiko tayari. Umesubiriwa vya kutosha. Njoo Jumamosi na lori.


Nyumbani
Alhamisi, 13 Juni

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeilalia chini ya mto. Leo dereva ameniletea kikaratasi kutoka kwa Mlingoti, hakina jina wala salamu. Dereva anasema hakupewa mkononi, alikikuta kwenye kiti cha lori alipomaliza kushusha mzigo. "Umesubiriwa vya kutosha." Kama mtu anayeita mtumishi. Mlingoti hajawahi kuniandikia namna hiyo, hata tukigombana.

Nimeamua kwenda. Usishtuke. Siendi kwa sababu ameita. Nakwenda kumwambia huku namtazama usoni, kama ulivyosema, kisha nirudi na lori lilelile. Mama nimemwambia nakwenda kumtembelea rafiki, na huo ni uongo ambao nitakuja kuulipa.

Mwanao,
Kidoti


Nyumba ya kilimani
Ijumaa, 14 Juni

Kidoti,

Nilianza kukuandikia juzi kabla barua yako ya hasira haijanifikia, na maneno niliyoandika hapo juu nimeyakata. Yalikuwa ya kukushukuru tena. Kwa taa, kwa jagi la maji, kwa ndala za kike zilizopangwa chini ya kitanda. Nilizipima kwa mkono, ni saizi yako kabisa. Kwa hiyo nilizidi kuamini kwamba ni wewe.

Sasa barua yako iko mbele yangu. Naapa kwa mama yangu mzazi, si mimi. Nitanunua godoro kwa fedha gani?

Basi ni nani?

Kile chumba sijakipaka rangi, Kidoti. Nilikiacha cha mwisho. Lakini jana kuta zake zimekuwa rangi ya ganda la yai, laini, hazina hata alama ya brashi, na mimi sina kopo la rangi hiyo. Nilitoa kitasa cha mlango ili niukwangue. Nikiuegemeza ujifunge, narudi naukuta wazi. Mchana huu, jua liko kati, nilikuwa chini nachanganya chokaa, nikasikia mtu anafagia juu. Anafagia polepole, anasimama, anafagia tena, kama mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo. Nilipopanda hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa na unyevu.

Na nina jambo la kukuambia ambalo ni gumu kuliko hilo la ufagio. Nitakuambia nikikuona.

Usije. Hata kama umeshabadili mawazo, hata kama umenisamehe, tafadhali usije hapa. Dereva hafiki leo. Nitamsubiri mlangoni kesho asubuhi nimpe barua hii aje nayo mbio.

Mlingoti


Nyumbani
Jumapili, 16 Juni

Shangazi, shikamoo.

Nimerudi salama. Naanza na hilo ili usisome kwa kukimbia. Lile unaloliogopa halikutokea. Limetokea jingine, na sijui utaniamini kiasi gani, lakini nitakueleza lilivyokuwa.

Njiani dereva aliniuliza, "Unakwenda kufanya nini kule, mjukuu wangu?"

"Kumsalimia ndugu yangu."

"Ndugu," akarudia, akacheka peke yake.  Tulipoacha barabara kuu akaanza kunisimulia bila kuulizwa. Nyumba ile ilikuwa ya mama mmoja mjane aliyekuwa na mtoto mmoja wa kiume. Alimchagulia mke, binti wa miaka kumi na sita kutoka mbali, hakuna aliyemuuliza kama anataka. Yule mama alitandika chumba kwa mikono yake, akamwingiza binti humo amsubiri mume, akafunga mlango kwa nje, akaketi hapo na kigoda chake. Asubuhi alipofungua, kitanda kilikuwa hakijaguswa. Dirisha lilikuwa wazi.

Nikamuuliza, "Alikufa?"

"Nani, yule binti? Mzima kabisa. Sasa ni mtu mzima, ana duka la viatu mji wa pili, hizi ndala nimenunua kwake, na hapunguzi bei. Aliyekufa ni yule mama. Lakini mpaka anakufa alikuwa akitandika kile kitanda kila siku. Ukimuuliza anakuambia, mkwe wangu alikuwa hajawa tayari tu. Atarudi akiwa tayari."

Nilidhani ananitisha ili nigeuze njia. Wazee wanapenda hivyo.

Tulipofika, Mlingoti alikuwa amesimama mlangoni na bahasha mkononi. Aliponiona nashuka hakutabasamu. "Nimekuandikia usije," akasema.

"Umeniandikia nije."

Tukaziweka karatasi zote mbili juu ya boneti ya lori, bado ina moto. Shangazi, hata mtoto angeona. Mwandiko wa kikaratasi ulikuwa wa mtu aliyefundishwa kuandika zamani, herufi zimelala upande mmoja. Dereva alitazama kwa juu juu, akasema anapeleka saruji kwa jirani wa mbele na atarudi upesi, na tukiwa na akili tumsubiri nje.

Tungemsubiri. Lakini mkoba wa Mlingoti, wenye nguo zake na vifaa vya mjomba wake, ulikuwa umehamishwa kutoka chini alikolala. Tulipoingia kuutafuta tuliuona tukiwa juu ya ngazi, kupitia mlango ulio wazi. Ulikuwa chini ya kile kitanda, na viatu vyake vya Jumapili vimepangwa kando ya ndala za kike. Nikasema, "Tuingie wote, tutoke wote." Tuliingia tumeshikana mikono. Alipoinama kuuchukua mkoba, mlango ukajifunga nyuma yetu. Haukubamizwa. Ulifungwa kama anavyofunga mtu mwenye adabu.

Chumba kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Kilikuwa na harufu ya nguo zilizoanikwa juani. Glasi mbili za maji zilikuwa zimefunikwa na visahani. Na mito miwili, Shangazi, ilikuwa imeshabonyea, kama vichwa vimeshalala hapo. Bonyeo moja lilikuwa juu zaidi, kama la mtu mrefu.

Mlingoti aliuvuta mlango mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mlango hauna kitasa, alikitoa mwenyewe, una tundu tu. Haukuwa na kitu cha kuuzuia, na haukufunguka. Dirisha nalo limegandishwa na rangi za miaka. Nikainama nikachungulia kwenye tundu la kitasa. Upande wa pili, karibu sana, kulikuwa na kitambaa cha nguo ya mtu aliyeketi. Kilikuwa kinapanda na kushuka.

Sikupiga kelele. Nilikaa sakafuni, mbali na kitanda, na Mlingoti akakaa kando yangu.  "Nisamehe," akasema, "ni mimi niliyeanza mambo ya chumba."

Nikageuka nikamtazama usoni. "Mimi siko tayari. Si hapa, si leo, na sijui lini. Ndicho kilichonileta, kukuambia hivyo."

Akajifuta macho kwa mkono wenye chokaa. "Hata mimi," akasema. "Ndilo nililotaka kukuambia. Tangu nimekuuliza silali vizuri. Nilidhani mvulana ndiye anayetakiwa kuuliza. Kila siku niliomba useme hapana, halafu nikaogopa ukisema hapana utakuwa hunipendi."

Tulicheka, Shangazi. Mle ndani, tulicheka kidogo. Lakini mlango haukufunguka. Ndipo nikaona kuna mmoja bado hajaambiwa.

Sikujua mtu anaanzaje. Nikasogeza mdomo kwenye tundu, nikasema, "Shikamoo, Bibi."

Kile kitambaa kikasimama, hakipandi wala hakishuki. Kisha sauti, kavu, ya mtu ambaye hajatumia koo lake siku nyingi:

"Marahaba."

Mlingoti naye aliisikia. 

Nikasema, "Bibi, umetandika vizuri. Lakini mimi si mkwe wako. Mimi siko tayari, na huyu hayuko tayari. Na yule unayemngoja, hakuna aliyemuuliza. Ungemuuliza angekujibu, asingepita dirishani. Tunaomba utufungulie, twende nyumbani."

Sijui tulikaa muda gani. Nilisikia kigoda kikisogezwa. Nilisikia ndala zikiburuzwa, taratibu, zikishuka ngazi, na kila ngazi ikilia kama inavyolia chini ya mtu. Mlango ukajiachia wenyewe, upana wa mkono.

Nje ya mlango kulikuwa na kigoda ambacho hakikuwepo tulipopanda. Mlingoti alisema tukimbie. Mimi nilikigusa kwanza, kwa kiganja. Kilikuwa na joto.

Mwanao,
Kidoti


Jikoni shuleni
Jumatano, 19 Juni

Kidoti,

Nimeisoma barua yako jikoni nikiwa na watu, nikaenda kuisoma tena stoo peke yangu, kisha nikarudi kwenye watu kwa sababu stoo imekuwa kimya mno.

Sikuulizi kama ni kweli. Hujawahi kuwa mtoto wa kuzua. Nakuuliza jambo moja: mama yako anajua? Nimepata ruhusa, nakuja Jumapili. Nikifika nikute umeshamwambia kwa mdomo wako, habari za kijana na habari za safari. Ya kigoda tutamwambia pamoja, nikiwa nimemshika mkono.

Uliyeweza kuongea na yule, mama yako hakushindi.

Shangazi yako


Nyumbani
Jumatatu, 24 Juni

Mlingoti,

Nimemwambia mama. Alilia kwanza, kama nilivyojua. Ila hakunifungia. Alisimamisha cherehani, kisha akaniambia kwamba na yeye hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote, kwa jambo lolote, mpaka alipokuwa mkubwa kuliko mimi nilivyo sasa. Akasema, "Mimi sikukuuliza kwa sababu sikujua kwamba watu huulizana." Shangazi alikuwa amekaa kati yetu anakula na anasikiliza. Hapo akaacha kula.

Adhabu yangu ni kushona sare za shule tatu bila redio. Ya uongo wa safari. Naikubali.

Mama anataka uje nyumbani siku ya mapumziko, mchana, upite mlango wa mbele. Anasema anataka kuona kama kweli unagusa mbingu. Usivae shati lenye chokaa.

Na sisi tuendelee kama tulivyokuwa. Nataka tutembee, unichekeshe, unishike mkono. Lile swali lipumzike. Siku moja, tukiwa wakubwa, kama bado mimi ni mimi na wewe ni wewe, mmoja wetu ataliuliza. Nitakujibu kwa sauti. Na nikiuliza mimi, wewe nawe unaweza kukataa, sitakununia. Labda kidogo.

Kidoti


Nyumba ya kilimani
Ijumaa, 28 Juni

Kidoti,

Nitakuja. Nimeshafua shati.

Usishtuke na anwani iliyo juu. Nimerudi huku na mjomba, kazi haiachwi nusu, na mwenye nyumba alikuwa akimpigia mjomba simu mjini kila siku. Mjomba nilimweleza yote. Hakucheka. Alisema tu kwamba tutafanya kazi pamoja, chumba kimoja kwa wakati, na magoti yake yatavumilia ngazi.

Chumba cha mwisho tumekikuta kitupu. Hakuna mashuka, godoro, ndala, wala glasi. Kitanda ni chuma kama nilivyokikuta siku ya kwanza. Kuta ni zilezile za zamani, za kijivu, zimebanduka. Mjomba alizipapasa akaniambia, "Hapa hapajapakwa na mtu miaka mingi." Basi tumezipaka sisi, nyeupe, mara mbili, na dirisha tumelikwangua mpaka likafunguka. Upepo umeingia, na sasa ni chumba kama vyumba vingine.

Leo mchana mjomba alishuka kuchanganya rangi ya ukumbi. Mimi nilibaki nakwangua fremu ya dirisha, mlango nimeuacha wazi kabisa, nimeuzuia kwa tofali. Nikasikia ngazi zinalia. Nikasema, "Mjomba, nimekaribia kumaliza." Mjomba akanijibu kutoka nje, uani, chini kabisa.

Hatua zikafika mlangoni. Hapakuwa na mtu, Kidoti. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kuingia. Lakini ubao wa mlango uligongwa. Polepole, kwa kifundo cha kidole, kama anavyogonga mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza.  Alikuwa anasubiri.

Nilikuwa na kikwangua mkononi. Ningeweza kusema karibu, kwa sababu ya adabu, au kwa sababu ya woga. Nikajiuliza kwanza kama nataka.

Nikasema, "Si leo, Bibi. Samahani."

 Kisha ndala zikageuka, zikashuka ngazi bila haraka.

Wako,
Mlingoti